Tiketi ya Mgiriki

Mpaka leo nikisikia harufu ya chumvi na ngozi mbichi tumbo linanigeuka, na wa kulaumiwa ni Wenceslaus Mahona, mwanamume niliyempenda kuliko kitu chochote duniani.

Asubuhi hiyo, mwaka wa hamsini na tatu, nilifika kiwanja cha ndege cha Tabora nikiwa nimeshikana mikono na shangazi Koleta, dada yake baba. Nilikuwa mchumba wa mtu. Mahari ilikwishapokelewa, ndoa ilikwishatangazwa kanisani, na Jumamosi nilitakiwa kufunga pingu za maisha huko Dar es Salaam, kwenye parokia ambayo Wenceslaus alikuwa akisali tangu aajiriwe ukarani. Kilichobaki ni kufika tu, na kufika ndiko kulikotutoa jasho.

Baba yangu, mzee Raymundi Lugembe, alikuwa katekista pale Kitete. Posa aliikubali. Harusi ya mbali aliikubali kwa shingo upande. Treni aliikataa katakata.

“Treni inalala njiani,” alimwambia Wenceslaus mbele ya wazee. “Binti yangu halali njiani na mwanamume ambaye bado si mume wake, hata kama shangazi yake ataketi katikati yao usiku kucha. Watu watasema, na mimi Jumapili nasimama mbele ya watu hao hao.”

“Sasa mzee, tutafikaje?”

“Hilo utajua mwenyewe. Ukipata njia ya kumfikisha kabla jua halijazama, na shangazi yake yuko pembeni, mchukue. Usipopata, harusi ifungwe hapa hapa, na hao wakubwa wako wa Dar waje huku wale ugali.”

Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya mlango. Wenceslaus akainua macho akaniona kwenye upenyo. Macho yale, jamani! Yalikuwa na kope ndefu kama za ndama, na kila yaliponiangukia nilisahau nilichokuwa nimeshika mkononi. Akatabasamu kidogo, kwa ajili yangu peke yangu, kisha akamgeukia baba.

“Basi nitampeleka kwa ndege,” akasema.

Wazee wakaguna. Jioni hiyo Kitete nzima ilikuwa na habari hiyo mdomoni, na shoga zangu walikuja kunitania kwamba nitawatemea mate nikiwa mawinguni. Nilimpenda siku ile mpaka chakula hakikupita. Nilijiambia, mwanamume anayethubutu kuahidi mbingu mbele ya baba yangu, huyo ndiye.

Nauli ya ndege sikuijua, wala sikuuliza. Wenceslaus aliijua, na alipoijua akaanza kuhangaika. Likizo yake nzima aliimaliza akizunguka mjini kutafuta tiketi rahisi: kwa mapadre kama kuna ndege ya misheni inayorudi tupu, kwa makarani wa mizigo, kwa madereva wa Wazungu. Jioni moja akaja mbio mpaka uani kwetu, shati limemgandia mgongoni, nami nilikuwa natwanga.

“Flavia, nimepata! Nusu ya nauli. Hata nusu haifiki!”

“Kwa nini iwe nusu?” nikamuuliza. “Tutashushwa katikati ya njia?”

Akacheka, akanishika kiganja kilichojaa unga. “Kwa sababu mchumba wako ana akili. Kuna Mgiriki mmoja, Bwana Stelios, ana ndege yake mwenyewe. Huenda Dar kila mwezi na nafasi inabaki. Asubuhi tunaondoka, mchana tunakula samaki wa baharini. Ila waambie nyumbani kwamba mtapimwa uzito kabla ya kupanda. Ndio utaratibu wa ndege.”

“Tupimwe kwa nini?”

“Utaratibu tu. Usijali.”

Mkono wake ulikuwa wa moto. Nilitaka aendelee kunishika mpaka kuche, kwa hiyo sikuuliza zaidi.

Sasa msikie balaa lilivyoanza. Nyumbani kwetu neno mizani tulilijua vizuri. Babu yangu alikuwa mpagazi, aliyekwenda Bagamoyo na kurudi kwa miguu, pembe za ndovu begani, na mpaka anakufa alikuwa akijisifu jinsi mzigo wake ulivyoinamisha mizani ya Waarabu huku wenzake wakitazama. Sisi wenyewe tukipeleka karanga au nta kwa Mhindi, tulikuwa tukiomba Mungu mizani ishuke. Hakuna mtu katika ukoo wetu aliyewahi kusikia kwamba kuna mizani ambayo ukiwa mzito ni hasara.

“Wanataka kuona tumewapa mwanamke wa namna gani,” alisema shangazi Koleta. “Hawa watu wa pwani wanatudharau. Ukoo wetu haujapelekwa kwenye mizani ukaonekana mwepesi, na hautaanzia kwako.”

Nikalishwa. Wiki zote zilizobaki nilikunywa maziwa, nikala ugali wa mtama, karanga, asali, na kuku wawili waliokuwa wakitunzwa kwa ajili ya Pasaka. Kanga nilizifunga kiunoni moja juu ya nyingine mpaka nikashindwa kupinda. Alfajiri ya safari shangazi alinivisha vikuku vya shaba vya bibi, mikono yote miwili na miguu yote miwili, kisha akanisimamia nimalize bakuli zima la uji wa maziwa na mnofu wa ng'ombe juu yake.

“Shangazi, nimeshiba jamani.”

“Meza. Hujashiba mpaka niseme.”

Ndivyo nilivyofika kiwanjani, nikitembea kwa shida, nimejaa chakula na heshima ya ukoo. Na hapo ndipo ule uvundo ulipotupiga usoni.

Ndege ilikuwa ndogo, ya mabawa ya juu na ya chini, mlango wazi. Ndani yake na kandokando yake kulikuwa na marobota yaliyofungwa kamba, yanadondosha maji meusi, na nzi juu yake hawahesabiki. Wenceslaus akatujia mbio. Alikuwa amevaa suti nyeupe na tai, amejipaka marashi, na amekumbatia gramafoni yake ndani ya sanduku la mbao. Alikuwa mzuri, sitasema uongo. Hata katika uvundo ule moyo wangu uliruka.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba, mkwe. Kimekufa nini hapa?”

“Aa, ni mzigo tu wa Bwana Stelios. Ngozi.”

“Ngozi gani zinazonuka hivi? Mimi nimezaliwa na kukulia kwenye ng'ombe.”

Wenceslaus akakohoa. “Za mamba, shangazi. Za mto Malagarasi. Zimetiwa chumvi.”

Shangazi akaachia mkono wangu akajishika kifua. “Mamba wa Malagarasi! Hao si ndio wanaomeza watu wa Usinge? Mwali wangu akakae humo na waliokula watu?”

“Ni saa chache tu. Huko juu kuna baridi, harufu haitasikika.” Akanigeukia mimi, akashusha sauti. “Flavia, vumilia. Ndiyo maana ni rahisi.”

Nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa tayari kuvumilia mamba, maana nilijua mwisho wa mamba ni kanisa.

Bwana Stelios akatokea nyuma ya ndege. Alikuwa mfupi, kaptula imemvuka magoti, anatafuna tumbaku na kutema kila alipotaka kusema. Mbele ya kibanda alikuwa ameweka mizani kubwa ya sahani, ile ile ya kupimia magunia.

“Moja moja,” akasema. “Bibi harusi kwanza.”

Nikapanda kwa madaha, vikuku vinalia. Yule Mgiriki akasukuma kile chuma cha mizani. Akakisukuma tena. Akaongeza jiwe jingine, akaacha kutafuna.

Shangazi Koleta akapiga kigelegele kilichowashtua hata nzi. “Umeona, mkwe? Umeona? Huyo ndiye binti wa Kinyamwezi! Kawaambie huko Dar!”

Nilimtafuta Wenceslaus kwa macho nipate lile tabasamu langu. Sikulipata. Uso ulikuwa umemparama.

“Bwana Wenceslaus,” Stelios akasema, akitema, “wewe kuniambia nini? Kuniambia msichana mwembamba na bibi kizee mkonda. Bei ile ni kwa uzito ule. Mkonda yuko wapi?”

Sote tukamtazama shangazi Koleta, ambaye akikaa kwenye kiti cha kanisani mwenziwe huhamia kingine.

“Mkwe,” shangazi akauliza taratibu, “bibi kizee mkonda ni nani?”

Wenceslaus alinivuta kutoka kwenye mizani, meno yameumana. “Mbona umekuwa hivi?”

“Kuwa vipi?”

“Kunenepa hivi! Nilikuacha mwembamba. Na haya machuma ni ya nini?”

“Ulisema tutapimwa.”

“Ndiyo, mpimwe! Sasa ndio mjaze kama gunia?”

Watu wa kiwanjani walikuwa wamesogea kusikiliza. Nikaona aibu ikinipanda kutoka miguuni. Nilijieleza haraka haraka, habari za babu na Bagamoyo, karanga na Mhindi, na nilidhani atacheka. Wenceslaus wa uani kwetu angecheka mpaka machozi. Huyu alikuwa anahesabu kichwani; niliona midomo yake ikicheza.

“Shangazi abaki,” akasema. “Atakuja na treni.”

“Na sharti la baba?” nikauliza.

“Baba yako hatajua mpaka tuwe tumeshafika. Shangazi, wewe nenda ukakae kwa ndugu zenu wa Kaliua siku mbili tatu, mtu asikuone mjini, ndipo upande treni.”

Shangazi Koleta alimtazama mkwe wake aliyekwisha kumwita kizee mkonda na sasa anamfundisha uongo. Alikaa juu ya furushi letu, akageuza uso upande wa barabara.

Nami, Mungu anisamehe, nilinyamaza. Nilitaka kuolewa. Nikaenda nyuma ya kibanda nikavua vikuku vya bibi, vimeacha alama kwenye ngozi, nikavua kanga moja baada ya nyingine, nikarudi na gauni langu moja na kilemba. Vyungu na mikeka aliyonisukia mama vikawekwa chini. Nikapanda mizani tena.

“Bado kidogo,” Stelios akasema. Akaelekeza kidole kwenye gramafoni. “Toa sanduku la muziki. Inatosha.”

“Hii?” Wenceslaus akaikumbatia zaidi. “Haiwezekani. Wenzangu wote ofisini wanaisubiri. Nimewaambia.”

“Basi lipa nauli kamili. Mimi nashusha ngozi mbili, wewe unachukua bibi harusi, bibi kizee, muziki, kila kitu. Unataka?”

Mkono wa Wenceslaus ukaenda wenyewe kwenye mfuko wa ndani wa koti. Nilijua kilichomo. Jana yake alinionyesha, akaniambia ni akiba ya kuanzia maisha. Toa, nikasema moyoni. Toa, Wensi, shangazi apande, baba asidanganywe, nami nitakula ugali na chumvi mwaka mzima bila kulalamika.

Mkono ukatoka mtupu.

“Hapana,” akasema. “Tulikubaliana nusu.”

Kisha akanishika bega, akanipeleka pembeni. Sauti yake ikalainika, ikawa ile ya Krismasi, ile aliyonitamkia nayo mara ya kwanza kwamba ananipenda.

“Mpenzi, leo asubuhi umekula nini?”

“Uji wa maziwa. Na nyama.”

“Mwingi?”

“Bakuli zima. Shangazi alinisimamia.”

Akatabasamu. Lile tabasamu nililolitafuta tangu mwanzo, ndilo alilonipa sasa. “Basi mambo yamekwisha. Nenda nyuma ya kibanda, tia kidole kooni, utoe.”

Nilidhani sikusikia. “Nifanye nini?”

“Ujitapishe kidogo tu. Ni uji na nyama, Flavia, huko Dar utakula vingine. Fanya haraka, Bwana Stelios asije akabadili mawazo.”

Niliyatazama macho yake na zile kope zake ndefu. Hayakuwa na ukatili hata kidogo. Yalikuwa yanang'aa kwa furaha ya mtu aliyepata ufumbuzi, na hapo ndipo kinyaa kiliponishika kikweli, kinyaa cha kumwona mtu ninayempenda akinitazama hivyo, akinipiga hesabu. Nikageuka, nikaenda. Kidole hakikuhitajika. Nilipofika nyuma ya kibanda nilishika ukuta, na yote yakaja yenyewe, uji, nyama, na wiki zote zile za asali na maziwa.

Mkono mpana ukanishika paji la uso. Shangazi Koleta alikuwa amenifuata.

“Toa, mwanangu,” akasema. “Toa yote. Usibakize.”

“Shangazi, kaniambia nijitapishe.”

“Nimesikia.”

“Nifanyeje?”

“Hilo siwezi kukuambia. Ndoa ni yako. Mimi kazi yangu ni kukushika kichwa.”

Sijui ni nini kilichonipeleka tena kwenye ile mizani, labda miguu ilikwishazoea kutii. Stelios akasukuma chuma chake, kikatulia sawasawa.

“Safi! Panda ndege!”

Wenceslaus akapiga makofi. “Umeona? Nilikwambia! Nusu nzima tumeiokoa!” Akanijia mikono wazi, kwa furaha, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane alitaka kunikumbatia mbele za watu. Kisha harufu yangu ikamfikia.

Akasimama. Uso akaupeleka kando. Kwa mkono mmoja akaibana pua, na kwa ncha za vidole vya mkono wa pili akaninyooshea leso kutoka mbali.

“Jifute kwanza,” akasema kwa sauti ya puani. “Unanuka.”

Nyuma yake marobota ya mamba yalikuwa yanadondoka. Alikuwa amesimama kando yake tangu alfajiri, na suti yake nyeupe, na mikono yake, na hakubana pua hata mara moja. Mamba walikuwa wanampunguzia nauli.

Nikashuka kwenye mizani. Leso sikuipokea, nilijifuta kwa kiganja.

“Siendi,” nikasema.

“Huendi wapi?”

“Dar. Kanisani. Kwako. Siendi.”

Akaachia pua. “Flavia, acha utoto. Ni kwa sababu ya leso? Haya, samahani. Panda.”

“Wenceslaus, kama ungeniambia huna hela, ningetembea. Babu yangu alitembea. Ningekwenda Dar kwa miguu nikifurahi, nakuapia. Lakini unazo, ziko kifuani, na umeona heri nijitie kidole.”

“Nilikuwa nazitunza kwa ajili yetu!”

“Yetu nani? Shangazi ulimwacha. Baba yangu ulitaka nimdanganye. Mimi nimebaki gauni moja na tumbo tupu, na bado nakunukia vibaya. Umebakiza nani wa kumtunzia?”

Wenceslaus akafungua mdomo. Nilimsubiri. Wallahi nilimsubiri, nikiwa nimesimama pale na ladha ya nyongo mdomoni, nikijua kwamba akitamka neno moja tu la kweli, akiangusha lile sanduku lake chini, nitamsamehe na kupanda hata juu ya mgongo wa mamba mzima. Injini zilikuwa zimeanza kunguruma. Akazitazama, akanitazama, akazitazama tena.

“Na tiketi yako?” akauliza. “Hairudishwi.”

Nikavua pete ya uchumba, nikaiweka kwenye sahani ya mizani, maana mkono wake ulikuwa umeshika gramafoni na sikutaka kumgusa. Stelios alikwisha kuamrisha vibarua wajaze nafasi yangu. Wakainua robota lililokuwa nje, wakaliweka kwenye kiti nilichokuwa nikalie, wakalifunga mkanda. Wenceslaus akapanda na kuketi karibu nalo. Ndege ikakimbia, ikapaa, vumbi likatujaa machoni.

Tukarudi kwa miguu, mimi na shangazi, vyungu kichwani na mikeka begani. Barabara ilikuwa nyeupe kwa jua. Watu waliotuona asubuhi tukienda kwa madaha walisimama wakatutazama tukirudi, na shangazi aliwasalimia wote kwa sauti kubwa, mmoja mmoja, mpaka wakaona haya wao.

Tulipovuka reli akapunguza mwendo.

“Baba yako nitamwambia mimi,” akasema. “Wewe utaingia ndani ulale.”

“Ahsante, shangazi.”

Kule juu mngurumo wa ndege ulikuwa umekwisha kabisa, na nilijikuta naendelea kuutegea sikio.

“Niambie ukweli, Flavia. Bado unampenda?”

Nilitaka kusema hapana. Niliitafuta hapana kila mahali, nikakutana na kope zake, na kiganja chake cha moto kilichojaa unga wetu.

“Nampenda,” nikasema, nikatua vyungu chini, nikainama pembeni mwa njia, nikatapika tena.